Mabonge

Juni, Tandala. Ndoo iliyolala nje
imefunga utando wa barafu, mwembamba kama chimni ya taa.
Naupasua kwa kikombe. Maji haya ndiyo niyatakayo,
yanayouma vidole hadi mfupani.

Unga wa ngano, yai moja, maji.
Tempura, alisema bwana shamba aliyepanga kwetu,
koroga mara nne, mara tano, acha.
Niache?
Na mabonge haya?

Mimi ni mkwe wa Enesia Ngogo,
aliyemwaga uji wangu wa kwanza mbele ya mawifi
kwa bonge moja, dogo kama punje ya njegere.
Miaka kumi na tisa mwiko wangu haujaacha hata chembe.
Leo mkono unasita juu ya bakuli
kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka.

Karoti. Maharage mabichi. Boga, vipande vyembamba.
Mafuta ya alizeti yametulia, yananitazama.
Nadondosha tone la unga: linazama,
linaibuka, linacheka.
Nageuza kwa vijiti viwili nilivyochonga
kwenye mwanzi uliokwisha kutoa ulanzi.

Mama mkwe yuko pembeni ya moto, blanketi mabegani.
Macho yamemwacha; masikio bado.
Anauma. Kwacha!
“Nini hii?”
“Boga, mama.”
“Boga gani linapiga kelele?”

Vidole vyake vinapapasa ganda, vinasimama
penye kinundu.
“Unga hukuukoroga,” anasema,
na mkono unarudi sahanini
mara ya tatu.