Sikukuu ya Ufagio

Novemba, tukifungua makatoni ya sikukuu ghalani,
mti wa plastiki wa ghorofa mbili, vipande vipande,
kulungu waliobaki bila masikio kwa ajili ya panya,
sinyora Ornella wa idara ya burudani akasema:
"Mwaka huu tunaongeza moja. Sita Januari. Nahitaji bibi."

Bibi gani?

"Kizee. Mvi tupu. Pua ndefu ikiwezekana.
Huruka usiku juu ya ufagio
akiingia nyumba za watu waliolala."

Nikageuka kuona kama kuna mtu wa kwetu aliyesikia.
Kule Kakuyuni, kwa maneno hayohayo, si zaidi,
tulimzika mzee Tsofa, na hakuna aliyeuliza panga lilikuwa la nani.

Anaingia kufanya nini?

"Kuwapa watoto peremende," akashangaa. "Kingine nini?"

*

Hawe Mbodze hajaonyesha mvi zake, huu mwaka wa kumi na moja.
Kila Ijumaa ya pili mimi humpaka piko kwa mswaki mkuukuu,
mlango tumeufunga, redio tumeipandisha,
kwani kichwa cheupe kwetu ni barua
inayosomwa hata na wasiojua kusoma.
Nilipomweleza alicheka akapaliwa na uji.
Akanyamaza.
Akauliza wanalipa ngapi.
Kisha: "Na huo ufagio, wa chelewa au wa duka?"

Tukaacha piko. Miezi miwili mvi zikaota chini ya leso,
kimyakimya, kama muhogo.

*

Nisiseme uongo: sikukuu za pale ni tamu.
Krismasi, minazi ilizungushwa taa mpaka popo wakahama,
na meza ya keki ilikuwa ndefu kuliko foleni ya hospitali.
Mkesha wa mwaka mpya, wageni mia sita, wa Milano na wa Nairobi,
walihesabu kinyumenyume kwa lugha tatu,
hawakufika sifuri pamoja,
wakakumbatiana hivyohivyo.
Hata Menza wa jikoni alikumbatiwa, na mikono yake ya unga;
akaacha viganja viwili vyeupe mgongoni mwa gauni jeusi,
na mwenye gauni akacheza nalo hadi alfajiri.

*

Sita Januari, saa kumi jioni.
Kijigari cha gofu kilichovikwa pamba
kikapita bwawa la kwanza, la pili, la tatu,
na juu yake Hawe wangu,
soksi za mistari, sketi yenye viraka vya makusudi,
"Viraka ninavyo nyumbani, mbona mmevinunua?"
ufagio begani kama askari wa gwaride,
na kichwa wazi.
Wazi kabisa. Cheupe kama tui la kwanza.

Nilifumba macho. Mazoea.
Nikasikia watoto wakipiga kelele,
nikangoja ile kelele ninayoijua.
Haikuwa ile.
Befana! Befana!
Walikuwa wanamkimbilia. Hawamkimbizi.

Kitoto kimoja cha Mombasa, meno ya mbele hakina,
kikamgusa nywele, kikauliza kama ni za kweli.
"Zote," akasema Hawe. "Vuta uone."
Kikavuta.

Peremende zilikwisha saa kumi na moja.
Hakushuka. Alidai ngoma,
akacheza gonda kwa mabega tu, amekaa,
mpaka wazee wa Kiitaliano wakaacha bilauri zao kumwiga.
Akala keki vipande vitatu, cha nne akakifunga kwenye kitambaa cha hoteli,
akawapungia chao, chao, kama mzaliwa wa Roma.

*

Basi la wafanyakazi lilitushusha njia panda saa mbili usiku.
Soksi alikuja nazo; Ornella hakuthubutu kumvua.
Ufagio aliuacha getini kwa mlinzi, na maagizo:
usiulete, usitume mtu nao, utunze hadi mwakani.

Akakung'uta leso, akajifunga kichwa,
akavuta ukingo mpaka kwenye nyusi.
"Unitie piko kesho," akasema.

Tulitembea. Kulikuwa na mwezi; akaulaumu kwa kung'aa.
Karibu na nyumba akasimama, mkono juu ya leso,
kama anayekumbuka alipovutwa.

"Si kesho," akasema. "Jumamosi."