Kizuka na Kizimba

Nilipoingia eda, mbwa aliingia pamoja nami.
Hajatimiza miezi mitatu, masikio bado yamelala,
tumbo kama kibuyu. Jina kapewa na marehemu:
Watasema.
Maana walikwisha kusema: Pandu, msasi mzima,
analea mtoto wa mbwa kama mtoto wa mtu!

Wiki ya kwanza alinitoa roho.
Alikojoa kizingitini. Alitafuna kandambili tatu,
zote za mguu wa kushoto.
Akalia usiku kucha kama anayedai.
Na mimi kizuka, sina pa kutokea,
nimekaa na ndoo na udongo
naosha kizingiti mara saba, na ya nane kwa wasiwasi.
Bi Kazija akachungulia uani:
"Mwenzangu, mume kafa, kakuachia deni la miguu minne."

Akaja Shaame, mtoto wa dada yangu,
anayetibu ng'ombe wa Kitogani,
kabeba kasha la mbao lililokuja na friji ya hoteli.
Akaligonga misumari, akatia mlango wa wavu.
Kizimba.
Nikasema: mimi nimefungwa, na yeye nimfunge?
"Usimfunge, mama mdogo. Mlango uwache wazi.
Tupia kichwa cha changu ndani, kisha utazame.
Na siku ukishikwa na hasira, usimtie humo kabisa.
Nyumba ya mtu haiwi fimbo."

Nikatandika gunia la mwani,
juu yake shati la msituni la marehemu,
lile nililokataa lisifuliwe.
Watasema akanusa. Akaingiza kichwa, akatoa.
Akaingiza nusu, akatoa.
Siku ya nne akajikunja humo kama ngata
akalala mpaka alfajiri,
na mimi nikalala,
mara ya kwanza tangu jeneza litoke.

Kuna mambo sikufundishwa na kungwi yeyote.
Kwamba mbwa hanajisi pale anapolala;
hata mchanga, hujizuia, hungoja,
nami nikifungua komeo kabla ya adhana
hutimka moja kwa moja hadi mgomba wa nyuma.
Mgomba umenenepa.
Kwamba meno yanayowasha yakipewa kifuu humo ndani,
mswala wangu husalimika.
Kwamba subira nayo ina kipimo:
saa mbili za mchana zamtosha,
ya tatu huanza kunilaumu kwa jicho moja.

Usiku wa Idi watoto waliripua fataki
hadi vyombo vikalia kabatini.
Mbwa wa wasasi walikimbilia msituni,
mmoja hajarudi hata leo.
Watasema aliingia mwenyewe. Hakuna aliyemwita.
Akazunguka mara tatu, akalaza kidevu kwenye shati,
akanitazama, kama kuniuliza: na wewe huna kwako?

Ninako. Ni hapa hapa. Ila mlango wangu
hesabu yake ni miezi minne na siku kumi,
na sikuwa nimewahi kukaa humu bila kusubiri mtu.

Wasasi walipokuja na gari kumchukua kwa mara ya kwanza,
wenzake walitapikana na kuumana njia nzima.
Yeye, walisema, alipakiwa na kizimba chake
akasinzia mpaka Muyuni.
"Huyu umemfanyaje?" wakauliza.
Nikasema: mambo ya kizuka, hayo.

Siku ya kutoka eda wakanikosha, wakanivisha,
wakanifukiza udi, wakaniambia nenda, tembea.
Nikaenda mpaka dukani kwa Mcha.
Jua likanichoma utosi kama mgeni.
Nikanunua kandambili, miguu yote miwili,
na kabla ya alasiri nikarudi.

Mlango wa kizimba ulikuwa wazi, yeye yumo ndani.
Masikio sasa yamesimama.
Nikachutama pale mbele, nguo mpya na kila kitu.
Hakubweka.
Akasogea kidogo juu ya lile shati,
kama anayenipisha.