Saa ya Baba

Daktari Halake alimvika baba saa,
nyeusi, nyepesi kama ganda la njugu.
Akasema: hii itausikiliza moyo wako
wewe ukiwa Umoja, mimi Upper Hill.

Wiki ya kwanza, hatua mia mbili kwa siku:
kitandani, msalani, kibarazani, basi.
Wiki ya pili, elfu kumi na nne!
Daktari akapiga simu kumpongeza.
Mimi nikautazama mchoro kwenye simu yangu,
mapigo yakiruka, yakitua, yakiruka,
nikajua huu si moyo wa mtu wa miaka sabini na mmoja.
Huu ni wa Mokaya, darasa la tano,
anayefukuza mpira wa makaratasi
nyuma ya tangi la maji hadi giza liingie,
saa ya babu ikimpwaya mkononi,
ujira wake mandazi mawili.

Sikusema.

Maana usiku baba huivaa mwenyewe.
Saa tisa kasorobo namba hupanda,
sabini, tisini, mia na kumi,
simu yangu ikatetema chini ya mto.
Baba, kuna nini?
"Hakuna. Nilikuwa nageuka tu."

Anageukia upande wa mama.

Asubuhi saa imeandika:
usingizi ulikatika, dakika arobaini.
Kuhesabu inajua. Jina la Bosibori hailijui.

Siku hizi sikati simu.
Namsikia akipumua, ananisikia nikinyamaza,
mpaka namba ishuke, themanini, sabini na sita.
"Haya, lala mwanangu," ananiambia.
"Kesho nina mechi."