Mpumbu Dirishani

Kwanza niliosha. Wiki mbili nzima, pamba na maji ya mvua.
Vumbi la Lubumbashi halitoki kama vumbi,
linatoka kama kutu, na chini ya kutu kuna masizi
ya lile bomba refu la kiwanda, tabaka juu ya tabaka:
kila shaba iliyoyeyushwa ilipita hapa kwanza
ikawapapasa mitume usoni.

Mimi si fundi wa makanisa.
Mtaa wa Kenya, nyuma ya soko, ukimtafuta Banza
utaulizwa: yule wa vioo vya magari?
Bibi Evanthia alisimama juani saa nzima
akinitazama nikikata kioo cha teksi,
kisha akasema, "Mkono wako hautetemeki. Njoo."

Kanisa lilijengwa na babu zake, Wagiriki wa kisiwani,
waliofika na mizani na chumvi.
Walinunua samaki Kasenga, kwenye Luapula,
wakawakausha, wakawapakia malorini usiku
hadi kambi za wachimba shaba.
Babu yangu alikula bukari kwa samaki wao.
Babu yangu alidaiwa samaki wao, tuseme hivyo.
Daftari la madeni halikuchorwa kwenye dirisha lolote.

Dirisha lenyewe: Petro, mtumbwi, nyavu zinazokaribia kukatika.
Nililishusha kipande kwa kipande,
nikaviandika namba, nikavilaza juu ya blanketi
kama wagonjwa. Mia nne na kumi na tatu.
Kilipungua kimoja, samaki wa katikati.
Mwaka ule wa uporaji askari mmoja alifyatua juu
ili watu watawanyike.

Risasi ndiyo inayoshika kioo na kioo.
Risasi ndiyo iliyokitoboa.
Lugha yetu haikuona haja ya majina mawili,
nami, nikiyeyusha betri kuukuu uani,
upepo ukiwa mgongoni nisivute moshi,
sikuona haja ya kuisahihisha.

Halafu ile buluu.
Ziwa lote buluu, hata kivuli cha mtumbwi buluu,
na fundi wa vioo huijua buluu hiyo kwa jina: kobalti.
Ilitoka huku kwenye magunia, ikavuka bahari,
ikarudi imekuwa maji chini ya miguu ya mtakatifu.
Mpwa wangu Kyungu huichimba kule Kawama
kwa sururu na tochi ya kichwani.
Kwake ni tope jeusi. Hajawahi kuiona ikiwa na rangi.

Nikamwita. Nikampa kipande namba themanini na tisa,
nikamwambia akiinue juani.
Buluu ikamshuka kipajini, puani, kwenye kovu la kidevu,
ikajaza kiganja chake chenye sugu.
Alinyamaza muda mrefu, nikadhani anasali.
"Mjomba," akasema, "hii wananunua kilo kwa bei gani?"

Samaki aliyepotea nilimchora mwenyewe.
Petro amevua samaki wembamba wa bahari nisiyoijua;
mimi namjua mpumbu, midomo minene,
tumbo lililojaa mayai wakati mto unapofurika.
Nikamtia katikati ya wavu.
Bibi Evanthia alivaa miwani, akavua, akavaa.
"Huyu hakuwahi kuogelea Galilaya."
Nikasema, "Hapana, mama. Lakini ndiye aliyejenga kanisa."
Hakucheka. Alikwenda akakaa benchi la nyuma
mkoba magotini, mpaka jua likahama ukutani.
Jumapili iliyofuata niliona amehamia benchi la mbele.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinikuta sakafuni
na ndoo, nikisikiliza.
Iligonga mabati, iligonga kengele, ikamgonga Petro.
Wavu ulishika. Mpumbu alishika.
Ila kona ya chini kushoto,
chini ya majina ya wafadhili kwa herufi zao za Kigiriki,
lilijikusanya tone moja, likasitasita, likaanguka.
Nikahesabu hadi mia mbili kabla ya la pili.

Kesho nitapanda ngazi tena.