Mngoje Chini

Daftari la kwanza linanuka moshi na vumbi la juti.
Penseli imefifia: Dundee, Februari 1976.
Watoto kumi na mmoja, magodoro matatu, kamba moja.
Jina la mwisho limekatwa, limeandikwa, limekatwa tena.
Huyo ni Torquil Geekie. Kila Jumanne aliapa kuacha.

Haikuwa shule. Lilikuwa ghala la kiwanda cha magunia
kilichokufa, madirisha yamezibwa kwa mbao,
na njiwa wa kwenye boriti ndio wanasarakasi pekee,
hadi Bi Wilhelmina Rattray alipokuja na ufunguo wa kuazima
na goti la kushoto lisilokunjika.
Zamani alitembea juu ya waya, mji kwa mji,
mpaka usiku mmoja, kule Perth, waya ukamkana.
Ukimwuliza, alisema, "Mvua ilinyesha,"
akakutupia mipira mitatu uirushe.

Mwezi mzima hakuna aliyepanda kitu.
Walifundishwa kuanguka:
kwa bega, kwa ubavu, kwa kujikunja kama jongoo,
kuanguka unacheka, kuanguka umenuna.
Wazazi wakaja juu: tumelipa watoto waruke!
"Kupanda hata paka anajua," akawajibu.
"Nani kati yenu hajawahi kuita zimamoto waje kumshusha?"

Wavu ulifumwa na wanawake waliopunguzwa kazini,
vidole bado vinaukumbuka uzi.
Bi Jessamine Lumsden, masikio yameliwa na mitambo,
akawapa watoto lugha ya mikono ya wafumaji:
kiganja kifuani, subiri; vidole viwili, sasa.
Hadi leo ndiyo tunayosemeshana kule juu
ambako sauti hufika imechelewa.

Onyesho la kwanza, pua ya chale ilikuwa nyanya.
Ililiwa kabla ya onyesho la pili.

Mwaka wa themanini na nne baraza la mji likataka maegesho ya magari.
Watoto wakafunga mironjo, wakatembea hadi ukumbini,
wakachungulia dirisha la ghorofa ya kwanza
kimya, nyuso zimepakwa chokaa.
Diwani mmoja alimwaga chai juu ya hati.
Maegesho yapo, mtaa wa pili.

Theluji ya tisini na moja ikaangusha paa, usiku, juu ya njiwa.
Misimu miwili wakajifunzia chini ya kanisa,
dari fupi kama kofia.
Kizazi kile hakikuruka. Lakini kurusha! Visahani, marungu,
viatu vya kasisi.

Mimi nimo kwenye daftari la sita,
jina limekosewa herufi mbili, miaka tisa, mwoga wa ngazi.
Mama, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, alinionya:
aliye juu mngoje chini.
Bi Rattray, mzee sasa, akataka kujua maana.
Nikamfasiria neno kwa neno; kijembe kikabaki mlangoni.
Akanyamaza kitambo. "Hiyo," akasema, "ndiyo kazi yote."
Kesho yake akaleta rangi nyekundu,
akayaandika ukutani mwenyewe, juu ya magodoro,
amesimama kitini kwa ule mguu mmoja mzima.

Alizikwa mwezi Machi, siku ya upepo.
Hatukuimba. Kiganja kifuani: subiri.

Maandishi yamepauka. Watoto huyasoma kwa lafudhi ya hapa,
"mngoje" ikiwagonga meno.
Kwetu maneno haya huchekelea anguko la mtu.
Hapa huwa tunayatii.
Nasimama chini ya bembea, shingo imekakamaa,
mikono wazi. Juu yangu mjukuu wa Torquil Geekie,
aliyeapa tena leo kwamba anaacha,
ananyoosha vidole viwili.