Duka la Maboksi Matupu

Hapa Ngamiani barabara hazina majina, zina namba.
Mtoto huijua kumi na nne kabla hajaijua nne,
maana kumi na nne ni kwao,
na nne ni mbali, kwa shangazi.
Ndiyo sababu nilidhani somo la sarafu litakuwa jepesi.

Nilizimwaga zangu juu ya mkeka, zikalia,
moja ikakimbilia chini ya kabati
na Hizza akaifuata kwa kutambaa.
Tuanze na wanyama, nikasema.
Faru na mwanawe, hamsini.
Pitisha kidole ukingoni, hesabu kona: saba.
Swala wanaokimbia, mia.
Simba wawili, mia mbili.
Nyati ni mia tano, huyo msimchezee.

Wanyama waliwashika. Thamani haikushikika.
"Simba kamla swala," alisema Kilua,
"ndiyo maana ni mia mbili:
mia ya swala, na mia yake mwenyewe."
Nilitafuta kosa kwenye hesabu ile. Silioni mpaka leo.

Katika mkebe wangu wa chaki imo moja ya zamani,
ishirini yenye tembo, pana, nzito,
siku hizi haikupi hata njiti ya kibiriti.
Niliiweka katikati kama mtego.
Mikono kumi ikaidondokea: tembo! tembo ndiye mkubwa!
Nikawaambia ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.
Wakacheka, wakacheka,
mpaka Mbaruku akatoa mfano wa kweli
nikaenda kutafuta kitambaa.

Baadaye tukafungua duka.
Maboksi ya kibiriti, kopo la maziwa, karatasi ya sabuni,
kila kimoja na bei yake kwa kalamu nyekundu.
Nikawagawia sarafu, nikakaa nyuma ya meza,
nikawa Mangi.

Zamoyoni alikuja wa mwisho.
Mama yake hukaanga bagia kona ya barabara ya kumi na sita.
Mtoto hakuwatazama wanyama.
Aliipima sarafu kiganjani, akaiangusha mezani,
akaisikiliza.
"Hii ni nini?"
"Bagia mbili."
"Na hii ya swala?"
"Moja."
"Na ya nyati?"
Hapo akafikiri.
"Kuchaji simu ya mama, baba akipiga atupate.
Halafu zinabaki bagia mbili."
Jibu hilo halimo katika mwongozo wa mwalimu.

Akalipa mia mbili, nikampa boksi la kibiriti.
Akalitikisa karibu na sikio. Akalifungua.
"Mwalimu, tupu."
"Ni duka la mchezo, Zamoyoni."
"Pesa si ya mchezo."
Akaliacha mezani, likiwa wazi, akaenda kukaa.

Jioni nilihesabu: mia mbili haipo.
Nikahesabu tena. Nikapitisha ufagio chini ya kabati,
ukatoka na vumbi, kifungo, na jino la mtoto.
Usiku nilijisemea maneno
ambayo mwalimu hapaswi kujisemea
juu ya mtoto wa miaka sita.

Asubuhi, kengele bado,
akaja na kipande cha gazeti kilicholowa mafuta.
Akakifungua mbele yangu: bagia, moja.
Pembeni yake akaweka swala,
akaisukuma kwa kidole kimoja
kama wafanyavyo watu wa biashara.
"Chenji yako."

Akaondoka kwenda kucheza. Hakungoja shukrani
wala kesi.

Nikafungua daftari la maendeleo.
Anatambua sarafu. Anajua thamani yake.
Anaweza kurudisha chenji.
Nilitaka kuweka alama ya vema mahali pote patatu
lakini vidole vilikuwa na mafuta, kalamu ikateleza.
Nikaila kwanza.
Pilipili nyingi kuliko nilivyozoea, katikati bado ya moto.
Ilikuwa ya mia, haswa.