Mizani Haina Ukoo

Sanduku lilifika Jumatatu, limefungwa kwa utepe wa njano,
risiti yake imelowa theluji:
vipande kumi na vinne vya mwamba, kisima namba 341,
kina cha mita elfu mbili mia moja na sita,
kampuni inaomba majibu kabla ya Ijumaa.

Hapa Ploiești maabara yetu iko chini ya ngazi,
pale chuo kinapoweka vitu visivyopigwa picha.
Mimi ni Veturia, mwosha vioo, mtunza funguo.
Miaka ishirini na tisa nanusa toluini,
hata supu ya nyumbani
naionja toluini.

Wahandisi hupita mikononi mwangu wangali watoto.
Huja wanaijua milinganyo, jiwe hawalijui.
Nawaambia: lishike kwanza. Lilambe.
Lenye udongo hung'ang'ania ulimi,
lililobana huteleza kama kioo.
Hucheka, kisha hulamba, kisha hawacheki.

Ilinca hakulilamba. Alisoma lebo,
akaisoma tena, akavua miwani,
akaifuta kwa pindo la koti lisilo safi.
"Pampu ya 341 humtegemea baba kwa grisi," akasema.
"Imesimama tangu Oktoba.
Wamechimba chini zaidi, wanatafuta tabaka jipya.
Anasubiri jiwe hili."
Akavaa glavu.

Siku tatu tulivichemsha.
Mafuta yalitoka yakiwa na rangi ya chai,
kisha ya chai iliyorudiwa majani,
kisha hayakutoka.
Tukavikausha kwenye tanuri, tukavingoja vipoe,
maana jiwe la moto hudanganya mizani,
na mizani haina ukoo, haijui mtoto wa nani kaweka nini.

Tukafungulia heli, gesi nyepesi kuliko umbea:
pakiwa na upenyo, itaingia.
Haikuingia sana.
Uvinyweleo, asilimia nne nukta tatu.
Akarudia. Nne nukta tatu.
Akapangusa pete ya mpira, akasema labda inavuja,
akachukua kipande kingine.
Nne nukta moja.

Mwamba ngoma huvutia kwake, ndivyo isemwavyo;
mwamba huu haukuvutia kwa yeyote.

Saa nane simu ikalia.
Bwana wa kampuni, sauti ya mtu aliyekwisha kula,
aliuliza kama matokeo yangeweza kutazamwa
kwa jicho la huruma.
Wawekezaji wako hotelini, alisema.
Profesa Dragomirescu alishika simu kama anayeshika samaki,
akasema "ndiyo, nimekusikia," akaikata,
akatoka kwenda kuvuta sigara
bila kutuambia ndiyo ile ilikuwa ya nini.

Tukabaki wawili na fomu.
Moja tu, mstari mmoja wima mbele ya nne,
na kampuni ingefurahi,
na pampu ya babake ingeinamisha tena kichwa,
na mimi, ninayejua mwandiko wa kila mtoto wangu,
ningeweza kuwa nimegeuka kufunga bomba.

Niligeuka kufunga bomba.

Niliporudi alikuwa ameandika nne.
Sitasema ni ushujaa. Mkono ulimtetemeka,
nukta yenyewe ikawa kubwa kama inzi.
Profesa alirudi ananuka moshi, akaitazama ile nukta
muda mrefu kuliko inavyohitaji nukta,
akatia sahihi.

Machi walikiziba kisima kwa saruji.

Aprili akaja mwanamume mwenye chupa ya jamu ya plamu,
kucha zake na grisi ambayo sabuni ilishaikatia tamaa.
Hakumuulizia bintiye.
"Miaka thelathini na moja nimevuta kutoka huko chini," akasema,
"na sijawahi kuona ninavuta kutoka nini."

Nikafungua droo ya 341, nikampa kipande.
Akakipindua mwangani, akakipima kiganjani.
Sikumwambia chochote.
Akakilamba mwenyewe,
akakaa kidogo, mdomo umefumba.

"Limebana," akasema,
akanirudishia, akauliza basi la saa kumi
linasimama mlango upi.